Mkuu wa Meza Hana la Kusema

Mvinyo wenyewe ulikuwa wa kulowesha ulimi tu. Jumamosi ile msichana wa kiwanda cha mvinyo alitumiminia kidogo kidogo chini ya glasi, akatabasamu, akasema, "Karibuni muonje." Nikainua glasi. Ilikuwa imeshafika mdomoni pale Ushangi aliponishika mkono.

"Maka, mpenzi, bado."

"Bado nini?"

"Hatujasema neno."

"Ushangi, hapa tumekuja kuonja. Unaonja, unasema nimeupenda au sijaupenda, unasogea glasi ya pili. Mwenzetu huyu ana wageni wengine wanaongoja."

"Na mimi nikinywa bila neno naona kama nameza dawa ya kikohozi," akasema, akasimama, akafunga kifungo cha koti.

Nikaishusha glasi. Niliujua mkao ule. Miaka minne nimeishi nao. Ushangi akisimama na kufunga kifungo cha koti, kama una maziwa jikoni, nenda kayaepue kabisa.

Akaombea amani. Akaanzia bonde la Alazani lililokuwa chini yetu, akapanda milima yenye theluji, akashuka upande wa pili, akawakumbuka mama wote waliowahi kungoja wana wao warudi. Besik, rafiki yake tangu shule ya msingi, alikuwa amesimama naye huku macho yamemlowa. Mimi na Shorena, mke wa Besik, tulikuwa tunaangaliana. Msichana wa kiwanda aliangalia saa. Hatimaye Ushangi akapaza sauti, "Gaumarjos!" yaani heri na ushindi, nasi tukameza matone yetu.

Glasi zilikuwa sita. Na kila moja ilipata neno lake.

"Shoga," Shorena alininong'oneza tulipofika ya nne, iliyokuwa ya wazazi, "si ungejitafutia bubu?"

"Bubu angekuwa ameshaniomba uchumba kwa mikono," nikamjibu.

Akacheka mpaka akajifuta macho kwa kitambaa. Mimi sikucheka. Kilichonikera si maneno ya Ushangi. Mtu wa Kakheti, kwetu kwenye mizabibu, bila maneno ya mezani ni nani? Kilichonikera ni kwamba aliweza kuongea robo saa juu ya kipande cha jibini, lakini neno moja tu, lile langu, lilikuwa linamkwama kooni kama mwiba wa samaki.

Neno lenyewe alikuwa anatakiwa kumwambia mama yake. Mimi niliolewa nikiwa binti mdogo, nikaachika, na Mama Eteri alilijua hilo tangu siku ya kwanza aliponiona. Hakuwahi kunitukana. Alinilisha, akanifungashia walnuti na jamu, na mbele ya watu aliniita "mgeni wetu". Kwetu mgeni huheshimiwa kuliko mfalme, na ndiyo maana neno lile lilikuwa linaniuma. Mgeni hupewa kila kitu, halafu huenda zake.

Basi Jumatano, siku tatu kabla ya kuonja huko, jikoni kwangu jijini Tbilisi, nikamwambia Ushangi wazi. Kliniki moja ya Batumi, mbali huko pwani, ilikuwa inanitaka niwe daktari wao mkuu wa meno, na walitaka jibu Jumatatu. "Jumapili tutakuwa kwa mama yako," nikamwambia. "Sema mbele yake kwamba unanioa. Usiposema, Jumatatu nawapigia simu Batumi, na Ijumaa napanda treni."

Alinibusu kwenye paji la uso. "Nitasema," akaniambia. "Kwani kusema kwangu ni kazi?"

Hapo ndipo nilipotakiwa kucheka.

*

Jumapili tulifika kijijini kwao mchana. Meza ilikuwa imeshatandikwa uani, chini ya mizabibu iliyotambaa juu ya fito, nayo haikuwa na nafasi ya kuweka hata kijiko. Kulikuwa na mikate ya moto kutoka kwenye tanuri la ukutani, mikate ya khachapuri inayochuruzika jibini, biringanya zenye walnuti, na mishikaki iliyochomwa kwa kuni za mizabibu. Mama Eteri alitoka na sinia la mwisho, gauni jeusi kama kawaida tangu alipofiwa, akatubusu wote. Mimi alinibusu shavu moja.

"Karibu, mgeni wetu," akasema. "Umekonda. Batumi... ah, Tbilisi hawali?"

Nikamgeukia Ushangi. Kumbe habari ya Batumi alikuwa amemwambia. La Batumi lilitoka, la kunioa halikutoka! Ushangi akajifanya kutafuta chumvi.

Tukakaa. Hakukuwa na haja ya kuuliza tamada ni nani. Meza yoyote yenye mvinyo kwetu lazima iwe na tamada, mkuu wa meza anayetoa maneno ya kunywea, na huyo akishakaa kwenye kiti chake, hakuna anayekunywa kabla yake wala anayesema kumzidi. Ushangi alizaliwa tamada. Nadhani alimtakia mkunga maisha marefu kabla ya kulia.

Akamsifu Mungu. Akaombea amani, nchi, na nyumba ile. Akawakumbuka waliotangulia, na hapo akamtaja baba yake Tengiz kwa maneno mazuri mno, akamimina tone la mvinyo juu ya kipande cha mkate. Hata mimi machozi yalinitoka. Ndiyo dhiki ya kumpenda mtu yule, kwamba unapotaka kumpiga sahani ya kichwa, ndipo anaposema jambo la kukuvunja moyo kwa uzuri.

"Mama," Besik akauliza huku akipangusa mdomo, "na ule mtungi wa Ushangi bado upo? Haujageuka siki kumngoja bwana harusi?"

Shorena alimkanyaga mumewe, lakini neno lilikuwa limeshatoka.

Mtungi wa Ushangi kila mtu kijijini aliujua. Mwaka aliozaliwa, baba yake alijaza mvinyo kwenye mtungi wa udongo uliozikwa ardhini hadi shingo, akaufunika kwa jiwe, akaziba kwa udongo mbichi, akaufukia kwa mchanga. Ndivyo tunavyofanya mtoto wa kiume akizaliwa. Ule hufunguliwa siku ya harusi yake, na ukishafunguliwa haufungiki tena, sharti unywewe.

"Upo," akasema Mama Eteri. "Marehemu alipoziba aligandamiza kiganja chake kwenye ule udongo. Kiganja kizima, na kidole chake kile kilichopinda. Mimi sina picha yake nzuri, Besik. Nina kile kiganja." Akanyoosha kitambaa cha meza kilichokuwa kimenyooka tayari. "Kwa hiyo siwezi kukubali uvunjwe kwa mtu wa kuja na kuondoka. Mtu aliyewahi kutoka nyumba moja anajua mahali pa kushika kitasa."

Hakuniangalia. Hakuwa na haja.

Nikamwangalia Ushangi. Nilimwangalia kwa macho yangu yote mawili, na kama ningekuwa na la tatu ningeliongeza. Sema. Sema sasa. Akaniangalia na yeye, na nikaona kweli ananipenda, maana uso wake ulikuwa umepauka kama mtu anayengoja kung'olewa jino. Akasimama. Akafunga kifungo cha koti.

"Sasa," akasema, "tunywe kwa ajili ya mapenzi."

Shorena akanishika goti chini ya meza.

"Mapenzi," akasema Ushangi. Akanyamaza. Kuku wakapita. "Mapenzi, ndugu zangu... Alaverdi kwa Besik!"

Sikuamini masikio yangu. Tamada akisema alaverdi kwa mtu, amemkabidhi neno alimalizie, na huyo hana ruhusa ya kukataa. Ni heshima kubwa, hupewa rafiki wa kweli. Na Ushangi alikuwa ameitumia kukimbilia kama mtoto anavyojificha nyuma ya sketi ya mama yake.

Besik maskini akainuka na mshikaki mdomoni, akaanza kueleza jinsi alivyokutana na Shorena kwenye foleni ya pasipoti. Mimi sikusikia hata neno. Nilingoja wapige mafunda yao, nikasimama.

"Tamada, naomba ruhusa ya kuondoka mezani."

Hata Besik aliacha kutafuna.

Mtu hatoki kwenye meza kienyeji. Unaomba ruhusa, na tamada hana njia ya kukwepa, sharti ainuke, amtolee neno anayeondoka, ni nani na ana maana gani kwa nyumba ile, kisha wote wanywe kwa ajili yake. Neno hilo halina alaverdi. Ni la tamada mwenyewe.

"Maka," Ushangi akasema kwa sauti ndogo, "kaa kwanza."

"Naondoka. Sema neno langu."

"Maka, tafadhali."

"Mkuu wa meza," nikasema, "mgeni anaondoka."

Akainuka. Mama yake alikuwa anamtazama, mimi nilikuwa namtazama, na Shorena alikuwa amefumba macho kabisa.

"Maka," akaanza, "Maka ni... Maka ni mtu ambaye..." Akaitazama glasi. "Maka ni daktari mzuri sana wa meno."

Niliona Besik akijifunika uso.

"Ameniziba meno mawili," Ushangi akaendelea, akizidi kuzama. "Hayajaniuma tena."

Nakuapieni, nilikuwa nimejiandaa kwa kila kitu ila hilo. Mtu aliyeusifu mlima, mto, jibini na mama wa askari asiyemjua, mimi amenipa meno mawili! Nikainywa glasi yangu yote, nikaigeuza chini kuonyesha haina tone.

"Asanteni sana kwa chakula," nikasema. "Shorena, wewe leo hujanywa. Nipeleke stesheni."

"Si niliwaambia?" Mama Eteri akasema, taratibu, kama anayezungumza na sahani. "Kitasa."

Ningeweza kupita kimya. Lakini kimya nilikuwa nimekinywa vya kutosha wikiendi ile.

"Mama," nikasema, "na mimi nikueleze habari ya kitasa. Kule nilikotoka, mama mkwe alinisema kila siku, na mume wangu alikuwa amekaa pale pale anakula. Hakunipiga, hakunitukana. Alikula tu. Ndiyo maana nikatoka. Na hapa natoka kwa sababu hiyo hiyo. Mwanao anasema vizuri kuliko mtu yeyote ninayemjua, na kwa ajili yangu hana la kusema."

Kwa mara ya kwanza Mama Eteri aliniangalia machoni. Mimi nikachukua mkoba wangu, nikaenda zangu getini.

*

Shorena alikuja mbio nyuma yangu.

"Ufunguo wa gari anao Besik," akasema.

"Mwambie aulete."

"Nimemwambia. Anasema hajaruhusiwa kutoka mezani, tamada hayupo."

"Hayupo? Ameenda wapi?"

Hapo tukasikia kelele ya chuma ikikwaruza mchanga. Kisha kuku wakatimuka kutoka mlango wa chumba cha mvinyo, na nyuma yao ikafuata sauti ya Mama Eteri, kali, kama mtu aliyeona moshi darini.

"Ushangi! Weka chini beleshi!"

Tukakimbia. Ndani kulikuwa na ubaridi na harufu ya udongo. Ushangi alikuwa amepiga magoti katikati ya sakafu, shati lake jeupe la Jumapili limejaa vumbi, anachimba. Mchanga ulikuwa umesharuka kila upande.

"Umerukwa na akili?" mama yake akapiga kelele. "Huo unafunguliwa siku ya harusi!"

"Ndiyo, mama."

"Harusi ya nani?"

"Yangu."

"Na nani?"

"Na huyo anayeondoka!" akafoka Ushangi, na sijawahi kumsikia akifoka. "Maneno yangu yote nimeyasema, mama, nikiogopa kulisema hili. Nimeshachoka. Nikishaufungua huu sitaweza tena kurudi nyuma, wala wewe hutaweza. Lazima uolewe... lazima unywewe, namaanisha!"

Akainua beleshi. Chini ya mchanga nilikiona kile kiganja, udongo mkavu wa kijivu, na katikati yake alama ya mkono mpana wenye kidole kilichopinda.

"Acha!" nikapiga kelele. Wala sikuwa peke yangu. Mama Eteri alikuwa amepiga kelele hiyo hiyo, kwa wakati ule ule.

Beleshi likabaki juu.

"Huo ni mkono wa baba yako, mpumbavu wewe," nikamwambia. "Unataka kunioa kwa kuuvunja? Nani alikutuma?"

Mama Eteri aligeuka akanitazama. Alinitazama kwa muda, kuanzia usoni hadi kwenye mkoba niliokuwa nimeukumbatia. Kisha akamnyang'anya mwanawe beleshi, akalitupa pembeni.

"Toka hapo," akamwambia. "Maisha yako yote una haraka pasipotakiwa, na panapotakiwa unalala. Besik! Niletee kisu cha mkate."

Besik alitokea na kisu haraka kuliko nilivyodhani anaweza. Mama Eteri akapiga magoti, akaanza kukata udongo kuzunguka kile kiganja, taratibu, kipande kwa kipande, huku akinung'unika maneno ambayo nadhani yalikuwa ya mumewe, si yetu. Nilipiga magoti upande wa pili, nikashika udongo usije ukapasuka. Mikono yangu imezoea kazi ndogo. Mwishowe kikatoka kizima, akakifunga ndani ya aproni yake, akakiweka kifuani.

"Haya," akamwambia Ushangi. "Inua jiwe."

"Ngojeni," nikasema.

Wote wakageuka.

"Umemwambia mama yako. Besik amesikia, Shorena amesikia, kuku wamesikia. Mimi tu ndiye ambaye sijaulizwa."

Ushangi alinyanyuka, akapangusa magoti. Mkono wake ukaenda kwenye kifungo cha koti, akakuta koti ameshalivua.

"Maka," akasema. "Nakupenda. Uwe mke wangu."

Nikangoja.

"Basi?" nikauliza.

"Basi. Sina lingine. Na kama ni Batumi, nitakufuata Batumi, meno huuma kila mahali na kesi zipo kila mahali, mimi ni wakili, siwezi..."

"Ulikuwa umeshamaliza vizuri."

Nikamwacha angoje. Alikuwa amenizoesha kungoja, nikaona si vibaya naye aonje. Lakini ninasema kweli, ningeweza kulia pale pale kwa jinsi nilivyokuwa nimekitaka kile kisentensi kifupi. Nikamgeukia Mama Eteri. Nyumba ilikuwa yake, mtungi ulikuwa wake, na neno hili sikutaka kulimaliza bila yeye.

"Alaverdi," nikasema, "kwa mama."

Alishtuka. Halafu nikaona pembe ya mdomo wake ikicheza, maana alijua kama nilivyojua mimi kwamba hawezi kukataa.

Ushangi na Besik waliinua jiwe. Harufu ikapanda, nzito, ya tunda na ya ardhi. Mama Eteri akatwaa kibuyu chenye mpini mrefu, akakichovya, akanusa, akaonja. Akafumba macho.

"Siki?" Besik akauliza kwa mnong'ono.

"Mkali," akasema Mama Eteri. Akameza, akatikisa kichwa kama anayebishana na mtu. "Mkali, wala hautaki kubembelezwa. Kama huyu hapa." Akachovya tena, akaninyooshea kibuyu. "Sikiliza, binti. Ukinywa, unakaa. Hata mimi nikikusema, unakaa na unanijibu, kama ulivyonijibu leo. Kama hukai, weka chini nifukie, na mvinyo uharibike, mimi nimeshapata mkono wangu."

Nikakipokea kwa mikono miwili.

Kwa upande wa jicho nikamwona Ushangi amejinyoosha. Ameinua mkono. Amevuta pumzi ndefu, ile ya milima na mito.

"Ndugu zangu," akaanza, "katika bonde hili..."

"Ushangi, nyamaza," tukasema mimi na mama yake.

Nikanywa.